Kwa mnaoanza kazi ya afya vijiji vya pwani

Ukipangiwa Kilwa, Mafia au delta ya Rufiji, jifunze kalenda ya maji kabla hujaandika ratiba ya huduma ya mkoba, yaani ile ya kuwafuata watu vijijini mwao. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hukupwa mbali asubuhi, miamba ikabaki wazi, na akina mama wakashuka kuchokoa pweza. Hiyo ndiyo hela ya unga na daftari za shule. Gari la chanjo likifika saa nne siku hiyo litawakuta wazee tu. Kisha ripoti itasema "mwitikio wa jamii ni mdogo", na kijiji kizima kitaonekana hakijali watoto wake. Mstari huo huniuma kila ninapousoma. Panga siku za maji mafu, bahari isipokupwa mbali, au uje alasiri, utawaona.

Nani atakwambia haya? Mwenyekiti wa kitongoji, mkunga wa jadi, na viongozi wa BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi. Hao wa BMU hasa, kwa sababu wanajua dago lipi, yaani kambi ya muda ya wavuvi, lina watu msimu huu. Wavuvi wa dago ni wageni, na mara nyingi hawamo kwenye daftari la kijiji, kwa hiyo hata kwenye hesabu ya chanjo hawamo. Wamo watoto wachanga na wajawazito huko. Nenda, lakini nenda na mtu wanayemfahamu.

Kuishirikisha jamii kwenyewe kunapimwa kwenye fedha. Tangu mwaka 2017/18 fedha za uendeshaji huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, na kamati ya usimamizi wa kituo ndiyo inayopitisha mpango na matumizi. Usiwapelekee wajumbe karatasi iliyokwisha kujazwa ili waweke saini. Wasomee mapato yote kwa Kiswahili cha kawaida, na uwaulize wajumbe wanawake kwanza, maana wakiachwa mwisho kikao huwa kimeshachoka.

Mkutano mkuu wa kijiji nao hukaa kila miezi mitatu. Omba nafasi, ueleze ni wangapi walijifungulia nyumbani, halafu nyamaza usikilize sababu. Wakisema chumba cha kujifungulia hakina taa, andika taa mwanzoni mwa mpango, hata kama wewe ulitumwa kuja kuzungumzia malaria.