Bia kwenye sendofu ya dada, wakwe ni Waislamu

Ndugu, umeuliza kama kuwatengea wakwe meza zao kunatosha huku bia zikizunguka meza nyingine. Kwa wengine kunatosha, ila wenye msimamo hawatakaa. Ipo hadithi ya Mtume, imo kwenye mkusanyiko wa hadithi wa Tirmidhi, inayomkataza muumini kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe. Kwa hiyo kumwekea soda mbele yake hakumalizi tatizo.

Mimi ningeondoa pombe ukumbini kabisa mpaka wakwe waage. Wajomba wanaotaka ya baridi wawekewe kaunta kule nyuma, na wahudumu wakatazwe kuingia na chupa. Kamati italalamika (hasa waliochanga nyingi), lakini mwenyekiti asilegee.

Kinachosahaulika ni shampeni ya MC. Hata ikiwa juisi ya zabibu tu isiyo na kilevi, kizibo kikiruka na povu likamwagika wazee wanashtuka. Waleteeni madafu, au mruke kipengele hicho.

Chakula nacho: mchinjaji awe Mwislamu, na wakwe waambiwe mapema nani kachinja. Kama kuna kitimoto, isikaribie jiko la mishkaki, hata koleo lisichangiwe. Muulize mpishi kama analoweka nyama kwenye mvinyo, wapo wanaofanya hivyo.

Shughuli ikianza saa kumi na mbili jioni, magharibi itawakuta hapo hapo. Tengeni chumba, mikeka na maji ya udhu. Na leo hii mpigie mshenga wao, umuulize wenyewe wanapendaje.