Mgongo ukianza kuvuta na miguu, achana na kukandwa

Juzi dada mmoja wa Kondoa kanitumia meseji WhatsApp, mgongo unamuuma miezi minne, sasa miguu imekuwa mizito na mama yake anataka ampeleke kwa mkandaji. Nikaweka simu chini kwanza. Huyo ndo mimi mwaka juzi.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba, nauza zabibu Majengo. Mgongo usawa wa sidiria unauma, usiku ndo balaa. Kituo cha kwanza wakasema mama ni mimba tu hiyo, meza panadol, cha pili vilevile. Nikakandwa wiki mbili na mafuta ya moto. Siku moja nashuka daladala, konda ananiita, we mama umeacha ndala! Mguu mtupu na mimi sina habari. Wifi akasema nimerogwa, na najua anasoma hapa.

Kipimo cha MRI, kile cha kupiga picha ndani ya mwili, kikaonyesha hemanjioma kwenye pingili ya mgongo, uvimbe wa mishipa ya damu, sio kansa. Daktari akasema kama mtu mmoja kati ya kumi anao na wengi wanazeeka nao bila kujua, ila wangu ulitanuka ukabana uti wa mgongo, yaani ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya pingili, na mimba huwa inauchochea maana damu inaongezeka mwilini na tumbo linakandamiza mishipa.

Nikajifungua kwa operesheni, tukaenda Dar, kaka zangu wamenibeba. Uvimbe wenyewe ni damu tupu, ukiuchokoza unamwaga, ndo maana kwanza walipitisha mrija mwembamba kwenye kinena wakaziba mishipa inayoulisha, kesho yake ndo wakatoa mfupa wa nyuma uti upumue. Na bado ndugu walichangia damu. Miezi ya mazoezi siisimulii, inachosha. Leo nabeba kreti la zabibu mwenyewe, wifi aje aone.

Sio kila mtu anapasuliwa jamani. Ikiwa ni maumivu tu kuna mionzi, kuna kujaziwa saruji ya mifupa kwa sindano. Ila miguu ikishalegea usikae nyumbani ukisubiri ipone, uti ukibanwa muda mrefu kurudi ni kazi. Daini kipimo cha MRI, hata wakikuona msumbufu. Mimi nilikuwa mpole, upole wangu nusura uniweke kwenye kiti cha magurudumu.

Dada wa Kondoa, nimekuuliza mkojo unaushika au unatoka wenyewe? Tiki za bluu nimeziona tangu asubuhi. Jibu leo.