Uliza Ujibiwe: Kufuli la babu na reli ya nchi tatu

SWALI: Shangazi, shikamoo. Marehemu babu ametuachia kufuli zito la shaba lenye herufi EAR&H. Alikuwa Mjaluo wa Kisumu, akaletwa kufanya kazi stesheni ya Korogwe, akaoa hukuhuku. Baba anasema reli ile ilikuwa ya Wakenya, mjomba anashikilia ilikuwa ya Tanganyika, na kila sikukuu ni mabishano. Nani mkweli? Na kwa nini babu alikaa miaka mingi baada ya 1977 bila kwenda kwao?
Msomaji, Korogwe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wote wawili wamekosa, ingawa kila mmoja ameshika kipande cha ukweli.

Anza na herufi. H ya mwisho ni bandari, nayo ndiyo inayotupa umri wa kufuli. Kabla ya 1948 mashirika yalikuwa mawili. Moja la Kenya na Uganda, lenye njia kuu ya Mombasa hadi Kampala. La pili la Tanganyika, lililorithi njia mbili za Mjerumani: ya Tanga, iliyoanza kutandikwa 1893, na Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, iliyofika Kigoma 1914. Mwaka 1948 Mwingereza akayafanya shirika moja, Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1969 bandari zikatengwa, zikapewa shirika lao na makao makuu Dar es Salaam, reli ikabaki EAR tupu, makao makuu Nairobi. Kwa hiyo kufuli la babu ni la kati ya miaka hiyo miwili. Lingekuwa na TRC, yaani Shirika la Reli Tanzania, ungejua ni la baada ya shirika la pamoja kuvunjika.

Sasa Korogwe. Shirika liliungana zamani, reli zenyewe zikachelewa. Mpaka 1963, kilipofunguliwa kipande cha Ruvu hadi Mnyusi, hapo jirani yenu, njia ya Tanga haikugusana kabisa na Reli ya Kati. Lakini na Kenya ilikuwa imeshaungana, kupitia Kahe, Taveta na Voi, kwa njia ambayo jeshi la Waingereza liliitandika wakati wa Vita vya Kwanza ili kumfuata Mjerumani. Maana yake, mwaka 1960 behewa la mkonge kutoka Korogwe lingeweza kufika Kampala kwa reli, ila Dar es Salaam lisingefika. Na kijana wa Kisumu angeweza kuja Korogwe bila kutoka kwenye reli ya mwajiri wake. Ndiyo maana baba yako anaiona ya Kenya.

Hayo nayajua kwa macho pia. Nimezaliwa kota za reli Moshi, baba yangu fayamani, mchochea moto wa kichwa cha treni. Jirani wa kulia Mkamba, wa kushoto Mnyamwezi, stesheni masta Mgoa aliyetufukuza relini kwa Kiswahili cha kwake peke yake. Likizo ya baba ikifika tulipanda kwa pasi, hatulipi hata senti, Moshi hadi Voi, Voi hadi Mombasa. Sikujua kwamba Taveta ni nchi nyingine. Mama ndiye aliyejua, kwa sababu ya bei ya sukari.

Kuvunjika kwa shirika hilo watu hupenda kumtwisha Idi Amin peke yake. Amin ana lake: alipopindua serikali Januari 1971, Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na mkutano wa marais watatu, uliokuwa na kauli ya mwisho juu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na shirika hilo, haukufanyika tena. Ila mimi naona fedha ndizo zilizoiua. Kenya ililalamika kwamba faida ya njia ya Mombasa inameza hasara za njia za Tanzania. Tanzania ilijibu kwamba karakana kubwa, ofisi na ajira nono zote ziko Nairobi. Kila mmoja alikuwa na haki yake, na hapo ndipo ugomvi ulipokuwa mgumu. Katikati ya miaka ya 1970 makusanyo yakaanza kuzuiwa huku na huku yasifike makao makuu. Shirika lisilopelekewa makusanyo yake halinunui vipuri.

Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, baada ya shirika la pamoja la ndege kusambaratika. Kufikia Julai Jumuiya yenyewe haikuwepo, na kila nchi ikashika vichwa na mabehewa yaliyokutwa kwake. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983. Hiyo ndiyo miaka ya babu yako. Mali iligawanywa rasmi kwa mkataba uliotiwa saini Arusha Mei 1984, baada ya mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, kuhangaika nao tangu 1977.

Mafao ya wafanyakazi ni kisa kingine, na hapo sina lugha ya upole. Wazee waliofanya kazi Jumuiya waliandamana Dar es Salaam wakiwa na mikongojo, wakidai mafao yao. Ulizeni nyumbani kama karatasi za babu zipo, mzitunze pamoja na kufuli. Msiliuze kwa mnunua vyuma chakavu.

SWALI: Shangazi, nimepeleka wanafunzi Makumbusho ya Reli Nairobi. Mbona vichwa vikubwa vya mvuke pale vina majina ya milima ya Tanzania?
Mwalimu, Thika

JIBU: Kwa sababu ni mali ya shirika hilohilo. Ni vichwa vya aina ya Garratt, daraja la 59, vilivyoundwa na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, Uingereza, katikati ya miaka ya 1950. Vilikuwa 34, kila kimoja kikipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki bila kujali uko upande gani wa mpaka. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 252, kikichoma mafuta, na kazi yao hasa ilikuwa kupandisha mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi. Viwili vilivyobaki ni namba 5918, Gelai, mlima ulio kando ya Ziwa Natron, na 5930, Shengena, kilele cha Upare. Wapare wa Same wakija huko, Mwalimu, waonyeshe mlima wao.