Kabla ya kulipia seli shina kwa ajili ya kizazi

Neno "uvimbe wa kizazi" limewapoteza wengi. Mwanamke akiambiwa kwamba utando wa ndani wa mji wa mimba umevimba kwa muda mrefu, nyumbani wanaelewa ni fibroidi, na duka la dawa wanaelewa ni PID, yaani maambukizi ya viungo vya uzazi vya ndani. Hiki ni kitu kingine, kinachoitwa endometraitisi sugu. Utando ule unaobanduka kila mwezi umeingiliwa na bakteria, mara nyingi wale wa kawaida kama E. coli, enterokoka na streptokoka, na seli za ulinzi za mwili zimepiga kambi humo bila kuondoka. Wengi hawasikii maumivu yoyote. Wanachokiona ni matone ya damu katikati ya mwezi, mimba zinazoharibika, au viinitete vya IVF (mimba inayotungwa maabara) vinavyokataa kushika.

Wakiwa katika hali hiyo ndipo tangazo la seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, linapowakuta. Kwa upande wa kizazi, seli hizo zinajaribiwa zaidi kwa utando uliojaa makovu au uliokonda. Hazijathibitishwa kuwa tiba ya maambukizi. Kuzilipia huku bakteria wangali palepale ni kupaka chokaa ukuta ambao bado unavuja.

Kwanza kipande cha nyama

Utrasaundi haithibitishi ugonjwa huu. Kamera ya kizazi inasaidia: daktari huona wekundu wenye vidoa kama stroberi, majimaji kwenye utando, na vinundu vidogo visivyofika milimita 1. Lakini jibu linatoka kwenye bayopsi, yaani kipande kidogo cha utando, iliyopimwa kwa CD138, rangi maalumu ya maabara inayoonyesha seli za plazima, aina mojawapo ya zile seli za ulinzi.

Kipande kichukuliwe kati ya siku ya 6 na ya 12, ukihesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi. Karibu na hedhi utando hujaa seli nyingine za kinga na msomaji anaweza kudanganyika. Kwa rangi ya kawaida ya maabara, seli za plazima, ambazo ndizo ushahidi wenyewe, hufanana na seli za jirani zikapita bila kuonekana. Ndiyo maana tunasisitiza CD138. Nayo ina mtego wake: hupaka rangi seli za tezi pia, kwa hiyo zinazohesabiwa ni zile zilizo kwenye nyama kati ya tezi na tezi. Dai idadi. Maabara hazijakubaliana kiwango: kwingine seli 1 inatosha, kwingine wanataka 5 au zaidi. Karatasi iliyoandikwa "positivu" tu haikusaidii.

Kosa tunalokerwa nalo zaidi ni la kichupa. Kipande chote kinatumbukizwa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama ya mwili, halafu mtu anakumbuka kuotesha bakteria. Fomalini imekwisha kuwaua. Omba vichupa viwili, kimoja cha fomalini na kingine cha maji ya chumvi ya hospitali, na hicho cha pili kiwahishwe maabara. Kwetu Afrika Mashariki hiki cha pili kina uzito wa pekee, kwa sababu kifua kikuu hujificha kizazini, na dozi yake ni ya miezi 6, si ya wiki mbili. Tatizo ni kwamba kipande cha kutafuta TB huchukuliwa vizuri zaidi siku chache kabla ya hedhi, kinyume kabisa na cha CD138. Daktari akikwambia urudi mara ya pili, usidhani anakutafutia gharama.

Dawa za bei ndogo

Dawa ya kuanzia ni doksisaiklini miligramu 100, mara mbili kwa siku, kwa siku 14, na iandikwe na daktari baada ya kuhakikisha huna mimba. Meza kwa glasi nzima ya maji ukiwa umekaa, na usilale kwa nusu saa, la sivyo inachoma koo la chakula. Iachanishe na maziwa, vidonge vya madini ya chuma na dawa za kiungulia kwa saa mbili au zaidi, maana hivyo huifunga tumboni isifyonzwe. Anayetokwa damu nyingi mara nyingi yuko kwenye vidonge vya chuma, akavimeza pamoja na dawa, kisha ikasemwa bakteria ni wabishi.

Bayopsi irudiwe baada ya hedhi moja au mbili. Seli za plazima zikiwa bado zipo, madaktari wengi huhamia siprofloksasini na metronidazoli, kila moja miligramu 500 mara mbili kwa siku, kwa siku 14 nyingine. Kama kuna kitanzi au mabaki ya mimba iliyotoka, yaondolewe. Vidonge peke yake vitahangaika bure. Hatupendi kuona mtu akisafishwa kizazi mara kwa mara bila kamera, kwa sababu kukwangua kwenyewe huleta makovu.

Seli shina zimefika wapi

Mwaka 2016 watafiti wa Hispania walichapisha matokeo ya wanawake 16 wenye makovu au utando uliokonda. Walidungwa sindano za kuhamasisha uboho, seli zikachujwa kutoka kwenye damu yao wenyewe, kisha zikarudishwa kwa mrija hadi kwenye mishipa ya kizazi. Mwaka 2018 watafiti wa Nanjing, China, waliripoti wanawake 26: baada ya makovu kukatwa, waliwekewa utando wa kolajeni wenye seli za kitovu cha mtoto mchanga. Kumi walishika mimba. Inatia moyo, lakini hakukuwa na kundi la kulinganisha, na kukata makovu peke yake huwapa baadhi ya wanawake mimba.

Seli zenyewe hazionekani kugeuka utando mpya kwa wingi. Kazi yake kubwa ni kutoa kemikali zinazotuliza kinga na kuotesha mishipa ya damu. Kwa hiyo mtu akikuahidi dripu ya mkononi, kumbuka kwamba seli nyingi za dripu hunasa kwanza kwenye mapafu. Na ule unga wa "seli shina za tufaha" wa kukoroga asubuhi ni chakula tu. Tumbo linaumeng'enya kama tunda lolote.

Wanaoelekea India wajue kuwa mwongozo wa taifa hilo wa 2017 unahesabu matumizi ya seli shina nje ya yale yaliyoidhinishwa, hasa ya magonjwa ya damu, kuwa ni utafiti, si tiba ya kawaida. Utafiti wa kweli una namba ya usajili na kibali cha maadili, na kwa kawaida haukutozi bei ya seli. Kwa Tanzania uliza kibali cha TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) na NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Kenya, Bodi ya Famasia na Sumu.

Uliza pia seli zimetoka kwa nani, ni ngapi, asilimia ngapi ziko hai baada ya kuyeyushwa kama ziligandishwa, na kama zimepimwa VVU, homa ya ini B na C, kaswende na bakteria. Ondoka na namba ya toleo iliyoandikwa kwenye kichupa. Ukipata homa ya nyuzi 38 au uchafu wenye harufu ukiwa umesharudi nyumbani, daktari wa zamu ataanza kwa kuuliza uliwekewa nini.