Maswali na majibu: Sehemu, desimali na asilimia zinazotutoa jasho

Mwanangu wa darasa la tano anashikilia kwamba 0.35 ni kubwa kuliko 0.8. Nimsaidieje? (Mzazi, Morogoro)

Msikilize kwanza anavyoisoma. Bila shaka anasema "sifuri nukta thelathini na tano", na huenda amelichukua kwako. Aliyesikia thelathini na tano akailinganisha na nane hajakosa akili. Asome "sifuri nukta tatu tano", kisha umpe pesa: 0.8 ya shilingi 1,000 ni 800, 0.35 yake ni 350. Usikimbilie kumwambia aongeze sifuri iwe 0.80. Jibu atalipata, ila atakuwa amelinganisha 80 na 35 bila kujua kwamba tarakimu ya kwanza baada ya nukta ndiyo iliyoamua. Vitabu navyo vinachangia: mada ya 1.9 hufuatwa na ya 1.10, wakati kwenye desimali 1.10 ni ndogo kuliko 1.9. Mwambie wazi kuwa nukta ya kwenye mada si ya desimali.

Asilimia inaweza kuzidi 100?

Inaweza. Bei ikitoka 1,000 ikafika 2,500, imepanda kwa asilimia 150.

Nimefundisha KDS (kigawe kidogo cha shirika) mpaka nimechoka, bado wanajumlisha 1/2 na 1/3 wanapata 2/5. Wana nini hawa? (Mwalimu, Tabora)

Swali hili linarudi kila muhula, na kila muhula lawama ni ya watoto. Hebu fungua madaftari uliyosahihisha mwenyewe. Zoezi la kwanza 7/10, la pili 12/20, chini umeandika jumla 19/30 kwa wino mwekundu. Umejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili (ya chini) kwa asili! Kwenye alama ni halali, maana 30 ni idadi ya maswali yote. Kwenye sehemu za kitu kimoja si halali. Je, uliwahi kuwatenganishia? Kabla ya KDS, waulize kama 2/5 inafika nusu. Haifiki. Basi umeanza na nusu, ukaongeza kitu, ukabaki na pungufu ya nusu. Asiyeshtuka hapo hata KDS haitamfaa, atakariri hatua tu, na mtihani ukipita zinayeyuka.

Kwa nini kwenye kugawanya tunageuza sehemu ya pili?

Chukua kilo 3 za sukari, uzifunge robo robo. Utapata pakiti 12, kwa kuwa kila kilo ina robo 4. Umegawanya kwa 1/4, na kumbe umezidisha kwa 4. Kwa 3/4 ÷ 1/8, linganisha asili: 6/8 ÷ 1/8, vipande sita kwa kimoja kimoja, jibu 6. Wafanye mengi ya namna hii ndipo uwape "geuza, zidisha". Ukianza na kanuni, wengine watageuza sehemu ya kwanza, na hawatakuwa na namna ya kujua wamekosea.

Nauza kitu 118,000, VAT ya asilimia 18 imo ndani. Kodi ni 118,000 × 0.18?

Hapana. Hiyo inakupa 21,240, unajidhulumu 3,240. Asilimia 18 ni ya bei kabla ya kodi: gawanya 118,000 kwa 1.18 upate 100,000, kodi ni 18,000. Asilimia ya nini? Tungewazoesha watoto kuuliza hivyo, watu wazima wasingeshangaa bei ya 10,000 ikipandishwa asilimia 20, kisha ikapunguzwa asilimia 20, inatua 9,600. Hukuniuliza mikopo ya simu, lakini nitasema: "riba asilimia 10 tu" kwa mwezi, kwenye mkopo wa 100,000 unaoukopa upya kila mwezi, kwa mwaka ni riba ya 120,000. Mwenye kutangaza anajua hutauliza ni kwa muda gani.

Tuwaruhusu kikokotoo?

Nadhani ni kile cha mezani, si kile cha mafao ya wastaafu. Ruhusuni, baada ya kukadiria. Anayejua kwamba 0.49 × 61 ipo jirani na 30 hatanakili 298.9 kwa sababu tu kidole kiliteleza kwenye nukta.