Nyenje wanataga lakini mayai hayaanguliwi: nakosea wapi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nipo Ipagala, Dodoma. Kazini kwetu tunatunza vinyonga na mijusi kwa kibali, kwa ajili ya wanafunzi wanaokuja kujifunza, nami nimepewa jukumu la kufuga nyenje nyumbani ili wapate chakula. Nilianza Mei na nyenje kama 60 kwenye beseni kubwa la plastiki, nikaweka trei za mayai na kikopo cha mchanga. Majike wanataga, mayai nayaona mchangani. Lakini tangu Juni yameanguliwa machache tu, na vitoto vikafa ndani ya siku 3. Kwa kuwa huku ni pakavu, napulizia beseni lote maji asubuhi na jioni. Sasa limeanza kunuka na wakubwa nao wanakufa. Nifanyeje?

JIBU: Hilo bomba la kupulizia liweke kando leo leo. Umeona sawasawa kwamba Dodoma ni pakavu, ila maji umeyapeleka kusikohitajika. Nyenje mkubwa anataka pakavu. Wanaotaka unyevu ni mayai na vitoto vya siku za mwanzo, na kwa mayai unyevu huo usikatike hata siku moja. Huwezi kuwaridhisha wote ndani ya beseni moja.

Tuanze na wakubwa, maana ndio wanaokufa sasa hivi. Maji unayopulizia yanalowesha kinyesi na mabaki ya chakula, vinachacha na kutoa amonia, ndiyo hiyo harufu inayochoma puani, na trei zinaota ukungu. Wahamishe, tupa trei zilizolowa, osha beseni kwa maji ya moto na sabuni, lianike juani likauke kabisa. Ukirudisha trei mpya zisimamishe wima, kinyesi kidondoke chini badala ya kukaa kwenye vishimo. Maji wapate kwenye pamba iliyoloweshwa ndani ya kifuniko cha chupa, ibadilishe kila siku, na uwaongezee vipande vya karoti au boga. Maji ya wazi usiweke kamwe. Hata kina cha nusu sentimita kinazamisha vitoto.

Sasa kile kikopo cha mchanga. Fukua kwa ncha ya kijiko, toa yai moja, liweke kiganjani. Yai zima ni jeupe kama maziwa, limejaa, lina urefu wa milimita 3 hivi, mfano wa punje nyembamba ya mchele. Lililokosa maji limenywea na kukunjamana. Lililoota manyoya ya ukungu limeoza. Naamini utakuta mengi yamenywea: mchanga mtupu haushiki maji, na huu upepo wetu wa kiangazi unaukausha kabla ya jioni.

Changanya udongo wa mboji uliochekechwa, sehemu 2, na mchanga mwembamba, sehemu 1. Ukaange kwanza kwenye sufuria kavu ili kuua utitiri na mayai ya sisimizi, uache upoe, kisha uloweshe. Kipimo changu ni mkono: fumba konzi moja, udongo ushikamane lakini usidondoshe tone. Jaza kikopo kina cha sentimita 4, funika juu kwa kipande cha wavu wa dirisha. Jike ana mkia mwembamba kama sindano, ataupitisha kwenye matundu na kutaga, ila hataweza kufukua na kula mayai ya wenzake. Wanafanya hivyo sana, hasa wakiwa na kiu.

Baada ya siku 2 toa kikopo, kiweke ndani ya ndoo yenye mfuniko uliotobolewa vitundu vichache vya sindano. Hapo unyevu unabaki wenyewe. Kila wiki weka kikopo kipya, maana vinyonga wako watahitaji nyenje wa kila ukubwa.

Unyevu peke yake hautoshi, na hapa ndipo Juni ilipokuangusha. Mayai yanataka nyuzi 28 hadi 32. Kwenye 30 huanguliwa kwa siku 10 hadi 13, na kitoto hufikia utu uzima kwa takriban wiki 6 hadi 8. Dodoma ipo juu ya mita 1,100, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 14 hivi. Kwa baridi hiyo yai linasimama kukua, na likikaa muda mrefu linaoza. Funga balbu ya zamani ya wati 40 juu ya ndoo, si ile ya LED, maana LED haitoi joto la maana. Ning'iniza kipimajoto ndani, usikisie. Umeme ukikatika, jaza chupa maji ya moto, zizungushie kanga, zipange kandokando ya ndoo. Jiko la mkaa usiliingize chumbani. Moshi wake usioonekana unaua nyenje, na unaua watu.

Vitoto vikitoka ni vidogo kama sisimizi na vinakauka upesi sana. Vyako ama vilikosa maji karibu, ama vilipigwa na baridi. Viache humohumo ndooni wiki ya kwanza, viwekee pamba yenye maji na chakula cha vifaranga kilichosagwa kikawa unga laini.

Mboga nazo ziangalie mno. Mimi niliwahi kupoteza beseni zima kwa fungu moja la mchicha uliopuliziwa dawa: jioni waliimba, asubuhi wote miguu juu. Tangu siku ile natumia mchicha wa bustani yangu na majani ya maboga ya jirani ninayemjua.

Hujaniuliza kuhusu kalsiamu, lakini siwezi kukuacha bila kuigusia. Nyenje ana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Kinyonga anayekula nyenje watupu mifupa yake hulainika: taya linalegea, miguu inapinda, anashindwa kushika tawi. Siku 1 au 2 kabla ya kuwatoa nyenje, walishe majani mabichi na chakula kizuri washibe. Kisha watie kwenye mfuko wenye unga laini wa maganda ya mayai, utikise kidogo, uwapeleke hapohapo kabla hawajajifuta. DCP, ule unga wa madini wa kuchanganya kwenye chakula cha kuku, haifai hapa kwa sababu nayo imebeba fosforasi, na chokaa ya kupaka ukuta inaunguza, usiijaribu.

Ukubwa wa nyenje usizidi nafasi iliyopo kati ya macho mawili ya mnyama. Na jioni, kabla hujazima taa, hesabu waliosalia kwenye kizimba na uwatoe wote. Nyenje mwenye njaa humng'ata kinyonga aliyelala, na yeye usiku hajitetei.