Jibu: Kiazi kwenye maji ya chumvi kimeongezeka uzito

Habari za leo mkuu. Umesema umeloweka vipande vya kiazi mviringo kwenye lita moja ya maji yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi, ukitegemea vipungue uzito, lakini vimeongezeka. Mizani iache kwanza, anza na chumvi.

Kijiko cha chai kina gramu 6 hivi. Kwa lita nzima, hayo bado ni maji mepesi, yaani yenye vitu vichache vilivyoyeyuka, kuliko yaliyomo ndani ya seli za kiazi, kwa hiyo maji yameingia badala ya kutoka. Osmosisi yako, yaani maji kupita kwenye utando wa seli kutoka upande mwepesi kwenda upande mzito, imefanya kazi vizuri kabisa! Weka gramu 50 kwa lita, acha saa moja. Nikifanya hivyo na wanafunzi wangu hapa Nyegezi, kipande kinalegea mpaka ukikishika ncha kinapinda kama mpira.

Halafu kausha kila kipande kwa tishu kabla ya kupima. Matone ya juu yaliwahi kunipotezea kipindi kizima. Na usitumie kiazi kilichochemshwa: moto umeshaharibu utando wa seli, hakuna tena cha kuchagua kipi kipite na kipi kibaki.

Kama uko karibu na soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, wapeleke vijana waone kayabo, yaani samaki wa chumvi. Sangara anapasuliwa, anapakwa chumvi kavu, na baada ya muda anachuruzika maji wakati hakuna aliyemmwagia. Yametoka ndani ya nyama yake. Wangu walielewa palepale, kabla hata sijachora mchoro.